Songwe kwa baiskeli: safari ya mpakani ambayo malori hayaijui

Anayefika Tunduma kwa mara ya kwanza hukutana na malori kabla hajauona mji. Yamepanga foleni pembeni mwa barabara kuu, matela yamefunikwa maturubai, namba za Tanzania, Zambia na Kongo zikifuatana, na kwenye kivuli cha tela hukosi kumwona taniboi aliyejitandikia boksi akisubiri karatasi za mzigo zitoke. Mji wenyewe umejengeka kwa ajili yao. Nyumba za kulala wageni, mama lishe, mafundi matairi na vijana wenye mabunda ya kwacha mkononi, wote wanamhudumia mtu ambaye mawazo yake yako Ndola au Lubumbashi.

Matokeo yake, ukimuuliza Mtanzania wa kawaida Songwe kuna nini, atakujibu mpaka. Akijitahidi sana ataongeza kahawa. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 1,300,000. Wageni wengi wanaosikia jina lake hufikiria uwanja wa ndege, na uwanja huo hauko hata ndani ya mkoa, uko upande wa Mbeya. Mito inayoitwa Songwe nayo ni miwili: mmoja unakwenda Ziwa Nyasa, mwingine Ziwa Rukwa. Msomaji aishike hiyo mito miwili, tutairudia.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba mpaka huu haujawahi kutazamwa kwa mwendo unaoufaa. Kwa lori ni foleni, na kwa basi ni usiku na usingizi. Kwa baiskeli, ukiwa na mwenyeji anayekuongoza na siku nne au tano za likizo, ni mojawapo ya safari nzuri ambazo mtu anaweza kufanya ndani ya Tanzania bila kulipa kiingilio cha hifadhi. Kila kinachohitajika kiko tayari, isipokuwa mtu wa kuiunganisha.

Mstari uliofuata njia ya wapagazi

Mwaka 1881, kwa fedha za mfanyabiashara wa Kiskoti aliyeitwa James Stevenson, ilianza kuchongwa njia ya kuunganisha Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Ikaitwa Stevenson Road. Kuiita barabara ni kuikweza. Sehemu kubwa ilibaki njia ya miguu, na mhandisi wake, James Stewart, alifariki 1883 kazi ikiwa bado mbichi. Lakini mizigo ilipita. Meli ya wamisionari wa London Missionary Society, iliyoitwa Good News, ilivushwa huko ikiwa vipandevipande hadi ikaundwa upya na kuelea Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Kwenye ncha ya Karonga alikuwapo Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili wa pembe na watumwa, aliyepigana na kampuni ya Waskoti kuanzia 1887, na Waingereza wakamnyonga Desemba 1895.

Waingereza na Wajerumani walipotia saini mkataba wao mjini Berlin tarehe 1 Julai 1890, ule ambao Zanzibar iliwekwa chini ya Uingereza na kisiwa cha Heligoland kikaenda Ujerumani, njia hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo Waingereza hawakukubali kuviachia. Kwa hiyo mstari ukapitishwa kaskazini yake. Ulianzia mdomo wa Mto Songwe kwenye Ziwa Nyasa, ukaupanda mto, ukauacha mahali unapolikaribia zaidi bonde la Kongo, ukafuata ukingo wa bonde hilo, kisha ukaelekea Mto Kalambo na kuteremka nao hadi Ziwa Tanganyika. Waliotia saini walikuwa na ramani tu mezani. Wapimaji wa kuweka alama ardhini walifika miaka minane baadaye, 1898.

Mkataba huohuo una kifungu ambacho taniboi wa leo angekisikia angecheka: watu na bidhaa za pande zote mbili zilitakiwa zipite katika eneo hili bila vikwazo na bila ushuru wa kupitia.

Wanyamwanga, ambao ndio wenyeji wa Tunduma na Momba, walijikuta wako nchi mbili. Walambya wa Ileje walipata shida zaidi, wakatawanyika kwenye nchi ambazo leo ni tatu: Tanzania, Malawi na Zambia. Hadi sasa msiba wa Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma, una waombolezaji wa Tunduma, na shangazi anayeishi ng'ambo huletewa mchele kwa baiskeli. Serikali zote zinalijua hilo, nazo husema ujirani mwema pale zinapotaka kulisifia na njia za panya pale zinapotaka kulikemea.

Paa la maji

Maneno yale kwenye mkataba, ukingo wa bonde la Kongo, ndiyo yanayonifanya nishabikie baiskeli. Tunduma imekaa juu ya mgongo wa ardhi, kama watu waliojenga juu ya paa wasijue ni paa. Mvua inayonyesha nyuma ya Nakonde huchukuliwa na vijito vinavyokwenda kuungana na Mto Chambeshi, ikaingia mabwawa ya Bangweulu, ikatoka kwa jina la Luapula, ikawa Mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Inayonyesha kaskazini mwa mji hukusanywa na Mto Momba na kuteremshwa Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, ambako huishia kunyonywa na jua. Ukishika njia ya mashariki kuelekea Ileje, vijito vinageuka tena. Sasa vinakwenda Songwe ya kusini, Ziwa Nyasa, Mto Shire, Zambezi, Bahari ya Hindi.

Mtu anaweza kupanda baiskeli asubuhi Tunduma na kabla ya chakula cha mchana akawa amevuka kutoka maji ya Rukwa hadi maji ya Bahari ya Hindi, na mgongoni kwake ameacha maji ya Atlantiki. Ndani ya gari hutambui kitu. Miguu juu ya pedeli inatambua, kwa sababu kila mgawanyo wa maji ni mlima uliokwisha kukutoa jasho. Hakuna kibao nilichokiona kinachomweleza mpita njia jambo hili. Vibao vya soda vipo.

Rwanda ina mgongo wa namna hii, unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nile. Wao waliupa jina, wakachora njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kandokando ya Ziwa Kivu, wakaiita Congo Nile Trail, na leo wageni wanakata tiketi za ndege kwenda kuiendesha. Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza Afrika. Sisemi njia moja ya vumbi ndiyo iliyoleta mashindano. Nasema nchi iliyoamini kwamba vilima vyake ni mali ilianza mapema kuwaambia watu hivyo.

Hata huko Berlin ulikotiwa saini mkataba wetu, mpaka sasa ni bidhaa ya utalii. Ulipokuwa ukuta uliogawa mji kuna njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 160. Mjerumani Michael Cramer, aliyekuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, alipigania njia ndefu zaidi, inayofuata mstari wa zamani uliogawa Ulaya ya Mashariki na Magharibi, takriban kilomita 10,000 kupitia nchi 20. Watu wanalipa kukanyaga pedeli kwenye mpaka uliokufa. Wa kwetu uko hai, una soko na stendi.

Tuanzie Vwawa

Msafara mzuri usianzie Tunduma. Uanzie Vwawa, kwenye nyanda za Mbozi zilizoinuka karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ikiwa baridi na miguu bado mipya. Na jambo la kwanza ambalo mwongozaji anapaswa kulifanya ni kuwatoa watu kwenye barabara kuu ya TANZAM. Barabara hii haina nafasi ya mwendesha baiskeli. Malori yanashindana na mabasi, bega la barabara limeliwa, na mteremko wa Senjele umeshatajwa kwenye taarifa za ajali mara nyingi mno. Njia za vijijini zipo kila upande, za udongo mwekundu, na mwenyeji anazijua kwa majina ya makanisa na visima.

Kupitia njia hizo unafika kijiji cha Ndolezi, kilicho na Kimondo cha Mbozi. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wanakijua tangu zamani. Nje kilianza kujulikana mwaka 1930, baada ya mpimaji aliyeitwa W. H. Nott kukiona kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Wakati huo kilichoonekana ni sehemu ya juu tu. Walipochimba pembeni mwake, chuma kikabaki kimesimama katikati ya shimo: urefu wa karibu mita 3, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, karibu asilimia 90 yake chuma na inayobaki ikiwa nikeli zaidi. Shimo la kuangukia halipo. Kilianguka zamani kiasi kwamba udongo ulishasahau.

Vitabu vya shule vinamwonyesha mtoto picha ya jiwe jeusi na kuishia hapo. Ukiwa mbele yake unaona mengine. Mwili wake umejaa vishimo laini, kama vya vidole kwenye unga, na mahali pamoja pana uso ulionyooka kabisa usiofanana na sehemu nyingine yoyote. Hapo ndipo kilipokatwa kipande na mwanajiolojia kwa msumeno wa mkono, kazi iliyomla saa nyingi kwa kipande kidogo. Weka kiganja. Hata jua likiwa kali chuma kile kina ubaridi wake ndani. Siku hizi eneo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, ukumbi wa maelezo upo, na anayefika kwa baiskeli hupokewa kwa mshangao ambao mwenye gari haupati.

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu Songwe ina kimondo cha pili, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka Ivuna, kule bondeni Momba karibu na Ziwa Rukwa. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja, ni gramu 705 hivi. Lakini kimondo hicho chepesi, kinachofanana na donge la udongo mweusi, ni cha kundi adimu sana lenye mchanganyiko wa elementi unaokaribiana na ule wa Jua lenyewe, na wanasayansi wakalipa kundi hilo jina la Ivuna. Wajapani walipoleta duniani vumbi la asteroidi Ryugu, Desemba 2020, kitu walichokilinganisha nalo ni mawe ya kundi la Ivuna. Mwanafunzi wa Tokyo anayesoma sayansi ya anga analijua jina la kijiji ambacho mkazi wa Vwawa pengine hajawahi kukifikiria. Ivuna pia ina chemchemi za chumvi zilizochemshwa na watu tangu mamia ya miaka kabla ya mkoloni, na wanaakiolojia walichimba huko miaka ya 1960. Kwa wenye nguvu za ziada, mteremko wa kutoka nyanda za juu hadi Rukwa ni wa mita zipatazo 700. Kushuka ni raha. Kupanda, pakia baiskeli kwenye Fuso.

Bonde hilohilo limetoa mifupa ya dinosaria waliopewa majina tunayoyaelewa bila mkalimani: Shingopana songwensis, aliyetangazwa 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia, 2019. Tuendelee na safari.

Kati ya Juni na Septemba Mbozi inanuka kahawa, na harufu yenyewe ni ya uchachu wa maganda yaliyorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa, si ile ya kikombe. Wakulima wanafika na ndoo na viroba vya kahawa mbivu, nyekundu, na karani wa chama cha msingi haanzi kupima hadi zile za kijani zichambuliwe. Ikishakobolewa na kuoshwa inapandishwa kwenye vichanja. Kina mama wanasimama pande mbili za kichanja, vidole vikipita juu ya punje bila kusimama, wakitoa iliyovunjika na iliyoganda, na mazungumzo hayakatiki hata mara moja. Mgeni akisalimia kwa heshima, shikamoo mama, marahaba mwanangu, dakika mbili baadaye atakuwa amepewa nafasi kwenye kichanja na kuambiwa achambue. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba kiko hapahapa Mbozi, kwa anayetaka kujua kwa nini miche mipya inastahimili ugonjwa wa chulebuni kuliko ya babu.

Saa moja nyuma

Tunduma ni siku ya pili, na ni mahali pa kushuka kwenye baiskeli na kuisukuma. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia. Utaratibu wake ni kwamba taratibu za nchi zote mbili unazimaliza upande wa nchi unayoingia. Ukivuka, saa yako inakuwa mbele bila sababu: Nakonde ni saa mbili asubuhi wakati Tunduma ni saa tatu. Vijana wa pande zote wanaishi na saa mbili kichwani na hawakosei, hasa kwenye kufunga maduka.

Anayetaka kuelewa kwa nini mji huu upo, asimame mahali anapoona reli na barabara kwa pamoja. Novemba 11, 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Jibu lilipita ukanda huu. Bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 lilianza kusukuma mafuta kwenda Ndola mwaka 1968. Barabara ikajengwa. Kisha TAZARA, kilomita 1,860 kwa mkopo usio na riba wa China, ikakabidhiwa Julai 1976. Mstari uliochorwa kugawana Waafrika ukawa mahali ambapo nchi mbili huru zilishikana mikono kwa chuma na lami. Nyerere na Kaunda wanastahili sanamu Tunduma kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwongozaji akiwa na habari zake, ataeleza pia kuhusu Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa jirani na Nakonde ya leo. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck liliingia Rhodesia ya Kaskazini kupitia eneo hili na kukishambulia. Vita Ulaya vilikwisha tarehe 11, huku bado watu wanakufa. Habari zilimfikia siku mbili baadaye, baada ya watu wake kumkamata mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyekuwa na ujumbe. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Askari wanakumbukwa kwa makaburi na minara. Wapagazi waliobeba unga na risasi, ambao kusini waliitwa tengatenga, waliobaki porini kwa njaa na kuhara wakiwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi, hawana hata kibao katika njia hizi walizozikanyaga.

Ileje, ambako pedeli inalipa

Siku bora kuliko zote ni ya Ileje. Unaiacha barabara kuu pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, na kushika barabara ya Isongole. Ni lami mpya, kilomita 50.3, magari ni machache, na mandhari yanabadilika kila unapomaliza mlima. Tambarare za mahindi zinakwisha, vilima vinaanza kubanana, migomba inatokeza mabondeni, na kulia kwako, ng'ambo, ni Malawi. Isongole inatazamana na Chitipa. Ukipita Itumba na kuendelea kuingia Undali, lami inakwisha na milima inakuwa milima kweli. Songwe inaonekana chini kabisa, nyembamba, isiyofanana hata kidogo na umuhimu iliopewa kwenye mkataba, na vilima vya Misuku vya Malawi viko mbele yako karibu kiasi cha kuhesabu nyumba. Huko juu mto umetulia kwenye korongo lake. Tatizo liko Kyela, ambako kwenye tambarare umezoea kuhama njia kila mafuriko, na mkulima analala Tanzania anaamka shamba lake liko Malawi. Nchi hizo mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto kwa sababu hiyo.

Ni Ileje pia utakapomhitaji fundi. Simulizi za matangazo ya utalii humwonyesha mwendesha baiskeli akiwa na kofia maridadi na machweo nyuma yake. Ukweli ni pancha. Na fundi yupo, chini ya mti, mbele ya duka, na karai lenye maji nusu. Anaitoa tyubu kwa vijiko viwili, anaijaza upepo, anaizamisha kipande kwa kipande huku ameinamisha kichwa, hadi mapovu yatoke. Anapaweka alama kwa kijiti, anapakwaruza kwa msasa, anapaka gundi, anaipuliza, na kiraka anachokibandika kimekatwa kutoka tyubu ya lori. Baiskeli ya gia kutoka Ulaya na baiskeli ya kubebea magunia zinapewa huduma moja na bei haitofautiani sana, ila wewe utaulizwa maswali mengi zaidi.

Nani aongoze

Waongozaji wa safari hii tayari wako barabarani. Ni vijana wanaobeba mahindi, mafuta ya kula na saruji kwenye karia za chuma kati ya Tunduma, Nakonde na vijiji vya jirani. Wanajua mlima upi una mchanga, mtaa upi una maji, mwenyekiti yupi wa kijiji anataka aletewe barua. Wanaongea Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba na Kiswahili kwa siku moja. Wanachokosa ni historia ya kueleza, leseni, na kuaminiwa.

La kuaminiwa ndilo gumu. Kijana mwenye baiskeli na mzigo mpakani huhesabiwa mfanya magendo mpaka athibitishe vinginevyo, na wengine kweli ni wafanya magendo, tusidanganyane. Msafara wa wageni wenye kamera kwenye njia ya pembezoni utasimamishwa, na una haki ya kusimamishwa. Ndiyo maana haya hayawezi kuanzishwa na kijana peke yake. Biashara ya kuongoza watalii inadai leseni ya TALA chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na masharti yake yameandikwa kwa ajili ya kampuni za Arusha zenye magari ya safari, si kikundi cha vijana saba wenye baiskeli. Chama cha ushirika kingeweza kubeba leseni hiyo. Vyama vya kahawa vya Mbozi vimezoea kubeba mambo mazito kuliko hilo.

Najua hoja ya upande wa pili: wageni hawaji kusini, wanaishia Serengeti na Zanzibar. Ni kweli kwa wazungu. Lakini kila wikiendi Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya kuna vikundi vya Watanzania wanaoamka alfajiri kuendesha baiskeli za bei mbaya na kurudi mahali palepale. Hao ndio wateja wa kwanza, na hawahitaji viza kwenda Vwawa.

Kwa hiyo ombi langu kwa ofisi ya mkoa Vwawa na halmashauri za Tunduma, Mbozi na Ileje ni dogo. Wekeni kibao Tunduma kinachoonyesha maji yanakwenda bahari ipi. Wekeni kingine Ivuna. Idara ya Uhamiaji na Jeshi la Polisi wakutane na vijana wa baiskeli, watambuane kwa majina na vitambulisho. Chuo cha Taifa cha Utalii kilete walimu kwa wiki mbili kabla ya msimu wa kahawa.

Na kwa msomaji anayetaka kwenda mwaka huu bila kusubiri vibao: nenda kati ya Juni na Septemba, mvua za huko huanza Novemba na udongo mwekundu ukilowa haupitiki. Beba sweta, Julai ya Mbozi ni baridi kweli. Mabasi ya Tunduma hupokea baiskeli kama mzigo, kubaliana na kondakta kabla ya kupanda. Kwa kuvuka Nakonde au Chitipa chukua pasipoti au hati ya dharura ya safari, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tafuta mwenyeji wa kukuongoza, mlipe anavyostahili, na ukifika mpakani pita getini.